Nimekula Italia siku 24: tusimuliane misosi, ila pizza tuiweke pembeni kwanza

Spana 13

Wakuu, habari za mchana.

Jana nimesoma humu jamaa analalamikia pizza aliyouziwa kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji, nikakumbuka nina deni. Mwaka juzi niliahidi kusimulia nilivyokula Italia, kisha nikaingia mitini. Leo umeme umekatika kiwandani, jenereta linawasha ofisi ya bosi tu, mashine zimelala. Nalipa.

Mimi ni fundi wa mashine za kufungasha, zile zinazojaza juisi kwenye paketi, zinaziba na kugonga tarehe. Mashine za aina hii nyingi zinatengenezwa Bologna na miji inayoizunguka, viwanda vimepangana huko kama karakana za Gerezani. Kampuni ikanipeleka wiki tatu kusomea mashine mpya, mimi nikaongeza siku tatu za Roma kwa hela yangu. Mke wangu alinifungia pilipili ya kusaga chupa mbili, na dagaa wa Mwanza ndani ya soksi. Soksi safi, kabla hamjauliza.

Jioni ya kwanza naingia mgahawa wa jirani na nilipofikia, naagiza spaghetti bolognese kwa kujiamini. Si niko Bologna kwenyewe? Mhudumu, mama mtu mzima, akanitazama kama nimeulizia chipsi mayai msibani. Hapa hatuna hiyo, akasema. Mchuzi wao wa nyama, ragù, unakaa juu ya tagliatelle, yaani tambi pana za unga na mayai. Tambi nyembamba ya mviringo haishiki nyama, inateleza nayo.

Sahani ilipofika nikaona nimepunjwa. Sisi tumezoea mchuzi uogelee, nyanya ionekane. Huu ulikuwa mzito, rangi ya udongo, nyama imetokota saa kadhaa pamoja na karoti, seleri na kitunguu mpaka hujui kipi ni kipi. Uma wa tatu nikawa sitaki maongezi na mtu.

Yule mama akanidokeza kwamba upana wa tagliatelle umesajiliwa. Mwaka 1972 kipimo kilipelekwa kwenye Chemba ya Biashara ya mji: milimita 8 ikiwa imeshaiva. Sasa mimi nilikuwa na venia, kile kipimio cha mafundi, kwenye mfuko wa koti. Fundi ni fundi. Nikapima tatu: 8, 8 na nusu, 7 na ushee. Nikamwonyesha, akaenda kumwita mpishi, nikajua hapa nimeharibu. Mpishi akaja, akapima mwenyewe, akarudi jikoni bila kusema kitu. Kesho yake nilipoingia aliniletea sahani kwa mkono wake, akasimama pembeni anasubiri nipime.

Naendelea, naomba uvumilivu. Naandika kwa simu.

Kandambili

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, uzi wa chakula bila picha ni chai. Picha ziko wapi?

Spana 13

Simu niliyopigia picha ilitumbukia kwenye ndoo ya grisi wiki moja baada ya kurudi. Ukitaka picha ya ndoo ninayo.

Mama Vitumbua

Mdogo wangu, hizo tambi zao nimezila kwa Wahindi mjini, zilikuwa mbichi katikati. Ndivyo zilivyo au nilipigwa?

Spana 13

Dada, shikamoo. Ndivyo zilivyo. Wanataka tambi iwe na moyo, ukiing'ata ikubishie kidogo. Siku ya kwanza nami nilidhani wamezitoa mapema kwa sababu mgahawa unafungwa. Kwetu Moshi mama alikuwa anazikaanga kwanza zipate rangi, anaweka tui na sukari na iliki, zinalala mpaka zinashikana, unakata kama keki. Nilipomweleza hivyo fundi aliyekuwa ananifundisha aliweka chini koleo alilokuwa nalo. Sukari? Kwenye pasta? Nikamwambia na zabibu wakati wa sikukuu. Aliwaita wenzake waje wasikie.

Bint Forodhani

Hahaa, kaka Spana, mwambie huyo fundi wako ashuke Sicilia akaone zabibu kwenye tambi!

Mie dada yangu kaolewa Palermo, nimekaa kwake miezi miwili alipojifungua. Kuna pasta ya dagaa, wao wanaita pasta con le sarde. Samaki wenyewe wabichi, majani ya shamari ya mwituni, zabibu, zafarani, na njugu ndogo za msonobari. Nilipoonja mara ya kwanza nikamwuliza dada, huyu mpishi babu yake katoka wapi? Maana ladha ile si ya Ulaya tunayoijua. Waarabu walikikamata kisiwa kile kuanzia karne ya 9, wakakaa zaidi ya miaka 200, na walichoacha jikoni hakijatoka mpaka leo. Upande wa Trapani wanapika kuskusi ya mchuzi wa samaki. Unga wa ngano wanaufikicha kwa vidole ndani ya bakuli la udongo mpaka uwe chembechembe, kisha unapikwa kwa mvuke. Mwanamke akikaa kufikicha hasemeshwi. Mama mkwe wa dada alinifukuza jikoni mara mbili kwa kuongea.

Na panelle! Unga wa dengu unapikwa uji mzito, unapozwa, unakatwa bapa, unakaangwa, unatiwa ndani ya mkate wa ufuta na ndimu juu. Mwenzenu nilisimama pale sokoni Ballarò machozi yananilenga. Hizo ni bajia jamani. Bajia zimekanyagwa na gari, lakini bajia.

Tabu yangu ilikuwa nguruwe. Si nyama, nyama unaiona. Mafuta. Mkate wa wengu unaosifiwa Palermo nzima, wengu ni wa ng'ombe, nikasema alhamdulillahi, kumbe wanaukaanga kwa mafuta ya nguruwe. Nikaurudisha, yule mzee wa kigari hakukasirika, akanipa panelle bure.

Spana 13

Dada umenipa jibu la kitu kilichonisumbua. Subiri nifike kwenye andazi.

Sehemu ya pili. Kiwandani tulikuwa tunakula kantini: tambi au wali kwanza, kisha nyama na majani, tunda, kahawa. Chakula cha kawaida, kizuri, sina la kusimulia. Kahawa ndiyo iliyonitesa. Mimi wa mlimani, nyumbani kahawa ipo shambani, lakini ile ni funda mbili unazipiga umesimama kaunta, unaondoka. Ukikaa mezani bei inapanda. Nikaomba cappuccino baada ya chakula cha mchana, wakaniuliza kama tumbo linauma. Ya maziwa ni ya asubuhi.

Jumapili ya kwanza yule fundi akanipeleka kwa mama yake, karibu na Modena. Bibi wa miaka themanini na kitu, mfupi, anaongea na wewe Kiitaliano kana kwamba ukizidisha sauti utaelewa. Alikuwa ameamka alfajiri anakunja tortellini. Hizi ni vikunjo vidogo vya unga vyenye nyama ndani, na haviji na mchuzi, vinaelea kwenye supu ya kuku nyeupe, basi. Vinafanana na kitovu, na wana hadithi yao kwamba mwenye nyumba ya wageni alichungulia tundu la ufunguo akakiona kitovu cha mungu wa kike, akakimbilia jikoni kukiiga. Bibi aliisimulia mbele ya wajukuu bila aibu. Supu ile, wakuu, nina mafua sasa hivi naiota.

Halafu akaleta sahani imefunikwa kitambaa. Kufunua: maandazi! Yamekatwa pembe nne, yamevimba, ndani tupu, ya moto. Wao wanaita gnocco fritto. Hayana sukari, unapasua unatia jibini laini na vipande vyembamba vya nyama. Nikasema "andazi", mjukuu mmoja akalidaka neno, mpaka tunaondoka nyumba nzima inasema andazi. Nilikula tisa. Lakini kila nikijaribu nyumbani ladha haitoki, nabadilisha unga, nabadilisha hamira. Kumbe mafuta!

Bint Forodhani

Ya nguruwe hayo kaka, kiasili wanatumia hayo. Wengine siku hizi wanatumia mafuta ya mbegu, ila bibi wa miaka themanini? Sidhani.

Spana 13

Nashukuru. Mimi mtu wa kiti moto, hainidhuru. Jumamosi hii najaribu.

Malindi Kasuku

Wabara mnatuchekesha. Hapa Malindi hatuendi Italia, Italia ilikuja yenyewe. Miaka ya sitini walijenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, minara imesimama baharini, mwaka 1967 wakarusha San Marco 2. Wahandisi wakaona bahari, wakarudi na jamaa zao, na jamaa zao wakaleta jamaa zao. Leo kijana wa ufuoni anakuuzia kinyago kwa Kiitaliano safi kabla hajakuamkua kwa Kiswahili. Mimi nimefanya jikoni mwa Mwitaliano miaka sita. Spaghetti ya kaa, ile ya kweli, haina nyanya nyingi: kitunguu saumu, kaa wa mikokoni aliyepasuliwa, mafuta ya zeituni, na maji ya tambi. Siri ni maji ya tambi. Usiyamwage. Yana wanga, yanashika mchuzi.

Na mtu asithubutu kuomba jibini juu ya samaki. Bosi wangu alikuwa hapigi kelele, anakuja tu na kuichukua ile sahani.

Mzee wa Tosamaganga

Amani kwenu vijana. Nilisoma Roma miaka minne, naomba kumsaidia mleta uzi kabla hajaharibu sehemu ya Roma.

Ukitaka kuielewa Roma, kula kwenye mtaa wa Testaccio. Hapo palikuwa na machinjio makubwa ya mji, yalifungwa 1975. Wafanyakazi walikuwa wanapewa sehemu ya ujira wao kwa vile ambavyo matajiri hawavitaki: utumbo, mkia, kichwa, miguu, bandama. Mnyama huchinjwa akagawanywa robo nne, hivi vilivyobaki wakaviita quinto quarto, robo ya tano. Wake zao na wenye migahawa ya mtaani ndio waliotengeneza mapishi yenye sifa leo. Mkia wa ng'ombe unapikwa na seleri nyingi na nyanya mpaka nyama inaachia mfupa wenyewe. Utumbo unapikwa na nyanya, mnanaa na jibini ya kondoo ya pecorino, na siku yake ni Jumamosi. Waroma wana msemo wa wiki: Alhamisi gnocchi (vidonge vya viazi), Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo. Ukiingia mgahawa wa kizamani Jumamosi ukakuta hawana, toka.

Sisi wanafunzi kutoka Afrika tulikuwa tunanunua unga wa polenta, yaani wa mahindi, dukani, tunasonga ugali bwenini siku za sikukuu. Ukitaka muhogo, bamia na ndizi za kupika unakwenda soko la Piazza Vittorio. Wakongo walikuwa wanatutangulia kila mara.

Bukari Moto

Hahaha mzee, Wakongo tunafika mapema juu tunapenda chakula. Ugali siye ku Lubumbashi tunaita bukari. Lakini ile polenta ya njano ya madukani ni kama mchanga, haishikane muzuri. Muko na dawa gani?

Mzee wa Tosamaganga

Tafuta iliyosagwa laini, wanaiita fioretto. Ile ya chenga ni bramata. Na ukipata ya mahindi meupe, ya upande wa Venezia, hutatofautisha na sembe.

Spana 13

Mzee shikamoo, umenichomekea nilipokuwa naelekea. Hapa ndipo kisa chenyewe.

Jumapili ya pili mke wa yule fundi akasema sasa ni zamu yake. Kwao ni Vicenza, karibu saa moja na nusu kwa gari kutoka Bologna. Njiani fundi ananitania: tunakwenda kwa polentoni, walaji polenta. Ni jina ambalo watu wa kusini huwatukania wa kaskazini, lakini yeye wa Modena naye analitumia kwa mkewe.

Nje ya mlango nikasikia harufu. Nikasimama. Ilikuwa harufu ya papa mkavu, ile ya duka la Kariakoo saa nane mchana. Kumbe ni samaki wa Norway aliyekaushwa kwa upepo mpaka amekuwa gogo. Wanamloweka siku kadhaa, kisha anapikwa kwa moto mdogo na vitunguu, maziwa na mafuta ya zeituni, bila kukorogwa hata mara moja. Unatikisa sufuria tu. Wanasema nahodha mmoja wa Venezia, Querini, alivunjikiwa meli akatupwa kwenye visiwa vya huko Norway mwaka 1432, wavuvi wakamlisha samaki hao, akarudi nyumbani na habari zao.

Jikoni baba mkwe yuko juu ya chungu cha shaba anakoroga kwa mti mrefu. Uji wa njano unatoka mapovu. Nikauliza muda gani. Dakika arobaini na tano. Nikaomba mwiko.

Wakuu, mkono una akili yake. Niliposhika ule mti sikukoroga, nilisonga. Nikabana chungu kwa paja, nikageuza, nikakandamiza ukutani, nikageuza. Mzee anasema "piano, piano", taratibu, taratibu, mimi nimeshafika Moshi. Nikaona uko mlaini nikaomba unga, nikaongeza. Ukawa ugali. Fundi ananiangalia kwa huruma, mkewe ameziba mdomo. Mzee akaumwaga kwenye ubao, haukumwagika, ulianguka pwa, ukakaa wima. Akachukua uzi akaukata vipande, maana hawakati kwa kisu.

Mezani nikasahau tena. Nikamega, nikafinyanga tonge, nikabonyeza kidole gumba, nikachota mchuzi wa samaki. Ndipo nikaona watu wote wameshika uma na wananitazama.

Yule mzee akaweka uma wake chini. Akasema kitu kwa lugha yao ya nyumbani, binti yake akanitafsiria. Alisema babake alikuwa anakula hivi hivi. Alipokuwa mtoto polenta ilikuwa asubuhi, mchana na jioni, na juu ya meza walikuwa wananing'iniza samaki mmoja wa chumvi kwa kamba. Kila mtoto anamegea tonge lake, analigusisha kwenye samaki mara moja, anakula. Samaki yule anakaa siku nyingi. Na kabla ya hapo, enzi za babu zake, watu wa huko waliokula polenta tupu walikuwa wanapata pellagra, ngozi inachubuka, mwisho akili inaruka, wanapelekwa vituo vya vichaa. Kwa hiyo alipopata kazi kiwandani aliapa hataila tena, akakaa miaka kumi anakula mkate.

Nikauliza kilichomrudisha ni nini. Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Kisha akamega kwa mkono. Na wajukuu wakamega kwa mkono. Mkewe akamgombeza, naye akamega.

Mama Vitumbua

Nimesoma hii mara mbili. Yule samaki wa kamba! Bibi yangu Singida alikuwa anatuambia "angalieni nyama, mle ugali". Tulidhani anatania.

Kandambili

Naondoa neno chai. Kwa muda.

Malindi Kasuku

Na Roma? Usitoroke tena.

Spana 13

Roma fupi. Siku ya kwanza nilishikwa na hamu ya pizza ya soseji za pilipili, nikaagiza "pizza peperoni". Ikaja ya pilipili hoho, nyekundu na njano, hakuna hata kipande cha nyama. Kwao peperoni ni hoho. Nikala kwa adabu. Bili ikawa na kitu cha ziada cha mkate ambao sikuuomba, nikaanza kubishana, kijana wa meza ya pili akanivuta shati: ni kawaida, ukikaa mezani unaulipia. Mkate wenyewe nilikuwa nimeumaliza, kwa hiyo kesi ilikuwa ngumu.

Siku ya pili nilikula supplì za mtaani, tonge la wali wa nyanya limekaangwa, katikati jibini. Ukilipasua jibini inavutika uzi mrefu, ndiyo maana wanaziita za simu, simu zile za waya. Nilikula nne nikitembea.

Jumamosi, bila kumjua Mzee wa Tosamaganga, nikaingia kijumba kimoja Testaccio kwa sababu nilisikia harufu ya supu ya utumbo. Pua tu ndiyo iliyonipeleka. Mnanaa ulinishangaza mwanzoni, baadaye nikauona una maana, unakata shombo kama sisi tunavyotumia ndimu. Nikatoa chupa ya pilipili mfukoni nikanyunyiza kwa siri. Mhudumu akaniona. Akainusa, akaondoka nayo jikoni, na sikuiona tena mpaka nilipolipa, ilirudi nusu.

Jioni ile nilinunua unga wa polenta kilo nne, nikapanga begi. Mke wangu alilifungua sebuleni, majirani wapo, watoto wanasubiri viatu. Akachana paketi, akachota, akanusa, akausugua kwa vidole.

"Baba watoto. Umekwenda Ulaya ukaniletea dona?"

Tulisonga Jumapili. Na dagaa wale wa kwenye soksi, maana walikwenda na kurudi sijawafungua.

Umeme umerudi wakuu, naitwa.

Kandambili

Basi angalau picha ya soksi.